Naomba ushauri: nani awe mhalifu katika katuni ya watoto kuhusu ziwa letu?

Mchoraji wa Ufuoni (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Hii ni wiki ya pili usingizi unaniruka, nami nimeona heri niwaulize nyinyi kuliko kuendelea kuhesabu mabati ya dari.

Mimi na mwenzangu mmoja tunatengeneza mfululizo wa katuni za upelelezi kuhusu Ziwa Viktoria, kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Wapelelezi wetu ni wawili: mdiria, ndege ambaye huona mambo kutoka juu ya matete, na kamongo mzee, samaki ambaye huona yaliyo chini kwenye tope. Kila kipindi kina dakika saba, fumbo moja la mazingira na dalili tatu ambazo mtoto anaweza kuziona kwa macho yake kabla wapelelezi hawajazitaja.

Kipindi cha kwanza kinaitwa "Nani Ameiba Pumzi ya Ngege?" Asubuhi moja ngege wanaonekana wakija juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Wote wanamshuku kamongo, kwa kuwa ndiye samaki pekee aliye mzima. Baadaye inabainika kwamba kamongo hupumua hewa ya juu kama sisi, kwa hiyo hana haja ya kumwibia mtu pumzi. Mhalifu ni gugumaji, ambalo limefunika maji, likazuia mwanga, na linapooza chini linaimaliza oksijeni iliyokuwamo.

Dakika tano na nusu zimekwisha kuchorwa. Swali langu ni hili: kwa mtoto wa miaka minne, je, inatosha kumwambia kwamba mhalifu ni gugumaji, kisha tukaishia hapo?

Mwalimu wa PP2 (Nakuru)

Hongera kwa kazi, ndugu. Kumshuku kamongo ni wazo zuri sana, kwa sababu mtoto wa umri huo hufurahi kumtetea aliyeonewa.

Nikujibu kwa yaliyonipata. Niliwahi kuwapeleka watoto wangu wa PP2, yaani chekechea, Ziwa Nakuru, baada ya kuwafundisha juma zima kuhusu ndege aina ya heroe na kuwachora kwa chaki ya waridi. Tulipofika tulikuta heroe wachache mno, na miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani amewafukuza?" Nilimweleza kwamba maji ya ziwa yamepanda tangu miaka ya 2010, chumvi ikazimuka, na vile viumbe vidogo vya kijani ambavyo heroe hula vikapungua, kwa hiyo wengi wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena, "Ndiyo, lakini nani?"

Mtoto wa chekechea akisikia fumbo hutafuta sura. Ukimpa gugumaji kuwa mhalifu, atalichukia gugumaji, na hapo ndipo penye shida, kwa maana atauliza limetoka wapi na nani hulilisha.

Baba Mapacha (Kakamega)

Mimi nina jambo moja tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Wetu wanakaa saa nne. Mapacha wangu wanamjua simba wa kwenye simu, lakini ukiwapeleka msitu wa Kakamega, ambao uko hapa nyuma ya nyumba, wanaogopa siafu. Mtoto akitaka kujua habari za ziwa, apelekwe ziwani.

Mzee wa Mashua (Dunga)

Kijana wangu, ziwani unakoelekezwa na huyo ndugu kuna siku hakupelekeki. Gugumaji lilifika upande wetu karibu na mwaka 1990, nami nikiwa bado na nguvu za mkono. Niliwahi kukwama ndani yake na wenzangu watatu kuanzia alfajiri hadi usiku, tunaiona taa ya nyumbani na hatuwezi kuifikia. Ukiishika mizizi yake ni kama ndevu zilizolowa, zina konokono na harufu ya yai bovu, na ukiivuta mashua mbele kwa futi mbili, zulia lile linakufungia nyuma kwa futi tatu.

Mwaka 1997 wataalamu walileta fukusi, wadudu wadogo wanaotafuna majani yake, na kwa muda tulipumua. Kisha likarudi. Sisi wavuvi tuna kipimo chetu: mvua ikipiga sana huko juu, mito ikishuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, hesabu majuma machache, utaliona. Kwa hiyo chora unavyotaka, ila usije ukasema ni wavuvi.

Mtani wa Siaya

Mhalifu awe samaki mbuta! Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala samaki wadogo wa fulu karibu wote, na hadi leo hajafikishwa mahakamani. Hata mimi huwa namhukumu mwenyewe kila Jumamosi, kwa kukaangwa.

Mwalimu wa PP2 (Nakuru)

Ndugu Mchoraji, nimerudia kusoma swali lako. Umeuliza kama "inatosha". Mtu aliyebuni kamongo anayesingiziwa wizi wa pumzi hawezi kushindwa kujua kwamba gugumaji hukua kwa chakula, na kwamba chakula hicho ni mbolea na uchafu vinavyoingia majini. Dakika tano na nusu zimekutoka mkononi. Hiyo moja na nusu imezuiwa na nini?

Mchoraji wa Ufuoni (Kisumu)

Mwalimu, umenibana. Nilidhani naweza kupata ushauri bila kulisema hili.

Fedha zinatoka kwa kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja wala sitasema kiko upande gani. Katika hati yangu ya kwanza, dalili ya tatu ilikuwa bomba. Mdiria anafuata ukanda wa maji yenye povu na rangi, anapita juu ya mafunjo, na mwisho wake anaona mdomo wa bomba. Halikuwa na jina wala nembo. Hati iliporudi, kando ya ukurasa huo palikuwa na maneno ya kalamu nyekundu: "Bomba liondolewe. Awekwe mama anayefua nguo ufuoni."

Kabla hamjanihukumu, nawaomba mnisikilize. Sabuni pia huchangia uchafu majini, kwa hiyo si uongo mtupu. Mtoto wa miaka minne anamjua mama anayefua, lakini bomba halijui. Awamu ya kwanza ya malipo tumekwisha kuipokea na kuitumia. Mwenzangu amelipa kodi ya miezi mitano na kununua kompyuta, maana kipindi cha dakika saba kwa picha 25 kwa sekunde ni picha 10,500, na hata ukitumia mchoro mmoja mara mbili bado hubaki michoro zaidi ya elfu tano. Tukikataa, hakuna kipindi cha pili. Mama huyo nimekwisha kumchora na amependeza. Nilichotaka ni mtu aniambie kwamba watoto hawatadhurika.

Mzee wa Mashua (Dunga)

Mimi nilisema usiseme ni wavuvi. Sasa nasema usiseme ni mke wa mvuvi. Huyo mama anafua pale kwa sababu mfereji wa maji safi haujamfikia. Kipande chake cha sabuni ni cha kiganja. Mimi nimeona kinachoshuka na mito, na hakitoki kwenye karai.

Wakili wa Mtaa (Kisumu)

Naomba tuache lawama kidogo, tuangalie karatasi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo maswali yangu ni matatu. Je, kamongo na mdiria uliwabuni kabla ya kukutana na kiwanda, na una michoro yenye tarehe? Je, mkataba unasema kiwanda kina haki ya kubadilisha hadithi, au kina haki ya kuona tu? Na je, unasema lolote kuhusu kurudisha fedha? Usije ukagombana nao kuhusu bomba ukagundua kwamba hata kamongo si wako tena.

Msomaji Makini (Bungoma)

Wenzangu, nimekaa kimya nikisoma, na sasa nauliza wazi. Hamwoni kwamba kisa hiki kimekaa sawasawa mno? Kuna mchoraji fukara, kiwanda kisicho na jina na kalamu nyekundu. Akaunti hii ilifunguliwa juma lililopita, na hana mchango mwingine wowote humu. Mimi nadhani huyu ni mwandishi wa hati anayetafuta mwisho wa hadithi yake bila kulipa mtu, na tayari amepewa fukusi, ndevu za gugumaji na sheria. Kama ni kweli, atuonyeshe kitu ambacho mtu wa kubuni asingekifikiria.

Mtani wa Siaya

Na mimi nilishaanza kumhurumia. Kumbe hata hukumu yangu ya mbuta imeibwa?

Mwalimu wa PP2 (Nakuru)

Hata ikiwa amebuni, swali lenyewe halikubuniwa. Mimi nitaingia darasani Jumatatu na nitaulizwa "nani". Hata hivyo nakubali kwamba bado kuna kitu hajasema.

Mchoraji wa Ufuoni (Kisumu)

Ndugu wa Bungoma, sina mkataba wa kukuonyesha, kwa kuwa nitakuwa nimekitaja kiwanda. Nina jambo moja, na ndilo linaloninyima usingizi.

Nilipoagizwa kumchora mama anayefua, sikuwa na mfano wa kutazama, kwa hiyo nilichora ninayemjua. Nilimchora mama yangu. Yeye hufua akiwa ameegemea upande wa kushoto kwa sababu nyonga ya kulia humuuma, na hujifunga leso mbili, ya juu akiifunga fundo begani ili isilowe. Anapokamua shati hulipiga jiweni mara mbili, hutulia, kisha mara moja. Mchoro huo wa sekunde nane ulinichukua siku tatu, na ni kipande bora zaidi katika kipindi kizima.

Jumapili iliyopita nilimwonyesha mtoto wa dada yangu, ambaye ana miaka mitano. Alimtetea kamongo kwa kelele, kama nilivyotumaini. Dalili ya tatu ilipotokea akasimama, akagusa kioo, akasema, "Ni nyanya!" Kisha akanyamaza. Alipoletewa chakula aliniuliza, "Kwa nini nyanya ameua samaki?" Mama alikuwa ameketi pale pale akichambua omena. Alicheka, akasema mjukuu ana macho. Mimi sikucheka.

Ukiona hilo nalo nimelibuni, sina la kuongeza.

Msomaji Makini (Bungoma)

Hapo kwenye shati, mara mbili, kutulia, kisha mara moja, nimemsikia marehemu mama yangu. Naondoa nilichosema.

Mwalimu wa PP2 (Nakuru)

Basi umepata jibu la swali lako la kama watoto watadhurika, na hukulipata kwetu. Yule mtoto ameamini, kwa sababu fumbo likifumbuliwa mtoto haoni kwamba amesimuliwa, huona kwamba amegundua mwenyewe. Ukimkosea katika hadithi ya kawaida atasahau, lakini ukimpa dalili za uongo atazibeba kama ushahidi.

Kuhusu bomba kutoeleweka, sikubaliani nawe. Watoto wangu wote wamezaliwa baada ya tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Nikiwaambia kwamba zamani mifuko ilijaa kwenye mitaro ya mji huu na wakubwa wakaamua iondoke, wanaelewa vizuri kabisa kwamba wakubwa wanaweza kuamua jambo.

Nakupa njia nyingine ya dalili ya tatu. Kamongo ana chupa mbili za maji zenye yale majani madogo ya kijani yanayoelea kwenye madimbwi, matano kila moja. Chupa ya kwanza ina maji matupu. Ya pili anatia kijiko cha maji ya samadi. Mtoto anahesabu majani kila asubuhi. Baada ya hapo mdiria anaruka kutafuta ni wapi ziwa linatiliwa kijiko, na unaonyesha yote: shamba linalomomonyoka, mtaro wa mji, bomba. Hakuna mwenye jina. Mimi nitalifanya darasani Jumatatu, ili tuone kama chupa zenyewe zinakubali.

Baba Mapacha (Kakamega)

Hili la chupa nitalifanya na mapacha. Halihitaji skrini.

Mchoraji wa Ufuoni (Kisumu)

Nimesoma mkataba pamoja na mwenzangu, kama Wakili alivyoagiza. Kamongo na mdiria wana michoro yenye tarehe za mwaka mzima kabla. Kiwanda kina haki ya "kutoa maoni", na hakuna panaposema maoni hayo ni amri. Kuhusu kurudisha fedha, mkataba uko kimya, na kimya hicho kinanitia hofu.

Leo asubuhi tumepeleka barua kwamba mama anatoka na chupa mbili zinaingia, pamoja na shamba, mtaro na bomba lisilo na jina. Mwenzangu alisita sana kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa ana mtoto mchanga, nami sikumlaumu. Hawajajibu. Mama nimemhamishia mwanzoni mwa kipindi: anafika ufuoni na karai lake, anawaona ngege wakihema, na ndiye anayewaita wapelelezi.

Wakili wa Mtaa (Kisumu)

Weka nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Wakipiga simu, waombe wakuandikie.

Mwalimu wa PP2 (Nakuru)

Leo ni siku ya tisa. Chupa ya kwanza ina majani saba. Ya pili tulihesabu hadi ishirini na tatu, kisha tukagombana kama lile dogo ni jani au nusu jani. Nilipochukua kijiko ili niongeze, mtoto mmoja aliwahi mbele, akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akasema isiongezewe na mtu yeyote.