Msimu wa tatu huu, bata mzinga wa porini hajaingia kwenye sufuria yangu. Wazoefu wa ardhi ya umma, naombeni ushauri

Mtoto wa Urambo:

Wakuu, heshima kwenu. Najua wengi humu mko nyumbani na mtaona nimekosa kazi ya kufanya, lakini najua pia kuna wenzangu wa huku Marekani wanaoingia porini. Hao ndio ninaowatafuta.

Nipo Lexington, Kentucky. Kozi ya usalama nilisoma (huku ukiwa umezaliwa kuanzia 1975 huna ujanja, lazima uwe na cheti), leseni ninayo, kibali cha msimu huu wa Aprili ninacho, bunduki ya marisau ninayo, nguo za mabaka kama za jeshini ninazo. Kinachokosekana ni bata mwenyewe.

Sina shamba na simjui mwenye shamba, kwa hiyo nawinda msitu wa serikali kuu, Daniel Boone, upande wa Cave Run Lake. Msitu ni mkubwa, na kila asiye na shamba upande huu wa Kentucky anaujua.

Jumamosi ya kufungua msimu nilikuwa na dume langu kabisa. Ijumaa jioni nilimsikia akiwika akiwa ameshapanda kulala kwenye mwaloni juu ya kilima. Saa 10 alfajiri nafika pa kuegesha, nakuta magari 6. Nikasema potelea mbali, nikapanda giza kwa giza, nikakaa kama mita 100 kutoka mti wake. Kulipopambazuka akawika, bonde zima likaitika. Nikakwaruza kisanduku changu, kile kinachotoa sauti ya jike. Akajibu. Nikakwaruza tena. Akajibu. Jamani, nilikwaruza kile kisanduku kama nalipwa kwa saa.

Akashuka. Majike wakaja wakamzunguka, wakaondoka naye ng'ambo ya bonde. Nikabaki. Baada ya saa nzima hivi nikasikia ule mngurumo wake wa chini, ambao unaufahamu kifuani kabla masikio hayajaunasa, kama lori lililoegeshwa mbali injini inawaka. Anarudi peke yake! Nikaona kichwa cheupe kinatokeza nyuma ya gogo, kikazama, kikatokeza tena, mkia umefunguka wote. Hatua 60 hivi, bado mbali. Mara nyuma yangu namsikia mtu anapuliza kiitio cha mdomoni kwa sauti ya kuamsha kijiji, huku anatembea, vijiti vinakatika. Bata akatoa mlio mmoja mfupi, "pat", kisha pale pakabaki gogo tu. Yule bwana akatokeza, akanipungia mkono kwa upole kabisa, akaniuliza kama nimeona chochote.

Jumatano ya wiki ya pili, ambayo ni leo, kosa ni langu. Nimekaa saa mbili kimya, mguu umekufa ganzi, nikaunyoosha. Kumbe alikuwa nyuma ya bega langu la kulia, amekuja bila kuwika hata mara moja. Nilichoambulia ni kumwona mgongo akikimbia, na wale ndege wanakimbia wakuu, si mchezo.

Mimi nimekua natega kanga na kwale, kwa habari ya ndege nilidhani sina la kufundishwa. Zimebaki siku 11 katika zile 23 za msimu. Nihame mahali? Ninunue sanamu ya jike niiweke mbele? Au niachane naye nirudi kwenye samaki? Mke wangu ameshaanza kuuliza huko porini usiku naenda kumwona nani.

Chapati Mbili:

Mkuu, dukani wamejaa, wamegandishwa, wamenyonyolewa, hawakimbii. Mimi niko hapa Mbagala nakusoma nacheka peke yangu kwenye daladala.

Karanja wa Milimani:

Pole ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Pennsylvania, nawinda kwenye zile ardhi za wanyama za jimbo. Msimu wangu wa kwanza nilirudi mikono mitupu na baridi ya kifua juu.

Ugonjwa wako umeutaja mwenyewe: "kama nalipwa kwa saa". Elewa huyo ndege anavyofikiri. Kwa desturi yao dume ndiye anayewika na jike ndiye anayemfuata. Wewe unapomwita aje kwako, unamwomba afanye kinyume cha mambo. Akishakujibu, ameshajua uliko, hadi mti uliokaa. Ukiendelea kumpigia kelele anasimama hapo hapo, anajitanua, anakusubiri wewe uje. Kwenye shamba la mtu anaweza kusamehe. Kwenye ardhi ya umma ameshasikia visanduku vya kila aina tangu siku ya kwanza, na kila alipokwenda kutazama alikuta mtu. Ita mara mbili tatu, kwa sauti ya chini, kisha weka kisanduku chini na ukae juu ya mikono yako ikibidi. Kukwaruza majani makavu kwa vidole, kama jike anayechakura, kunafanya kazi kuliko sauti yoyote.

Pili, alfajiri ni ya watu wenye mashamba. Majike huwa naye asubuhi, halafu mmoja mmoja wanaponyoka kwenda kutaga au kuatamia. Ndiyo maana yule wako alirudi peke yake baada ya saa nzima, hukuona? Kadiri msimu unavyosogea majike wengi wanakuwa kwenye viota, wanaatamia karibu siku 28, na dume anabaki mjane wa mchana. Wewe nenda saa 3 asubuhi, siku ya kazi. Wale wenye magari 6 wakati huo wako kwenye mgahawa wanakula mayai. Huku kwetu nusu ya kwanza ya msimu sheria inatufunga saa 6 mchana, ninyi Kentucky mnawinda hadi jioni, na bado unalia?

Mtoto wa Urambo:

Karanja, umenishika pabaya. Nilidhani akijibu ndiyo tunaongea.

Swali jingine. Wazungu niliosoma nao kozi wanasema ukitaka kujua dume yuko wapi bila kumwita, ulie kama bundi gizani, atashtuka awike. Sasa mimi Mnyamwezi mzima nikaingie msituni saa 11 alfajiri nilie kama bundi? Mama yangu akisikia atapiga simu usiku huohuo.

Karanja wa Milimani:

Hahaha! Lia kama kunguru basi. Anashtuka vilevile, na kunguru hana deni na ukoo wenu.

Mama Watatu:

Mimi ni mwanamke, nipo Missouri, nimeshapata wawili kwenye msitu wa serikali, tena na kiuno kibovu. Kaka, tatizo lako la Jumatano ni kukaa. Watu wananunua viitio vitano na hawana kitu cha kukalia. Nunua mto mnene. Tafuta mti mpana kuliko mabega yako, ukuzibe mgongo. Kama unatumia mkono wa kulia, bega la kushoto lielekee unakotegemea atokee, goti la kushoto juu, bunduki iwe tayari imelala kwenye goti. Ukiwa hivyo unafika mbali kushoto na kiasi kulia bila kujipinda. Ndege yule anaona rangi na anaona karibu pande zote bila kugeuka. Pua ndiyo hana. Kwa hiyo usihangaike na sabuni ya kuondoa harufu, hangaika na mikono na uso. Vaa glavu, funika uso hadi chini ya macho. Kusogeza bunduki subiri kichwa chake kipite nyuma ya shina.

Sanamu mimi nimeacha, kwenye ardhi ya umma naona inawaita wawindaji kuliko bata. Na usipige zaidi ya hatua 40, hata roho ikikuuma. Marisau yanatawanyika, utamjeruhi aende kufia kusikojulikana.

Papa Furaha:

Jambo wandugu. Miye niko Louisville, natoka Uvira. Hakuna mwenye amesema kupe! Mwezi huu kupe ni wengi kuliko bata. Iko mmoja jike mwenye doa jeupe mgongoni, akikuuma unaweza kupata ugonjwa wa kukataa nyama nyekundu. Jirani yangu ulimpata. Anakula ng'ombe saa moja usiku, katikati ya usiku mwili mzima unavimba na kuwasha. Mbuzi hapana, nguruwe hapana. Sherehe zote anakula kuku na samaki. Pulizia suruali dawa ya kupe siku moja mbele, ingiza suruali ndani ya soksi, watu wacheke tu.

Chapati Mbili:

Kukatazwa mbuzi? Nimeacha kucheka.

Mzee Kipara:

Vijana, mmesema mazuri, ila hakuna aliyegusa jambo la kumrudisha huyu mtu nyumbani mzima. Niko Tennessee, nimestaafu.

Mosi, usivae wala kubeba kitu chochote chekundu, cheupe au cha bluu, hata leso ya kufutia kamasi, hata karatasi ya biskuti. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na porini kuna mtu ambaye hajalala usiku kucha anaitafuta rangi hiyo. Pili, ukisikia jike analia usimnyemelee. Nusu ya majike ya ardhi ya umma yana leseni mfukoni. Tatu, ukimwona mwindaji anakuja upande wako usimpungie mkono na usipige mluzi. Ongea kwa sauti ya mtu, kubwa, "Nipo hapa!", na ubaki umekaa. Ukiharibu asubuhi, asubuhi ziko nyingi.

Na yule bwana aliyekuharibia, msamehe. Yeye naye hana shamba.

Mkiwa mnalalamika wingi wa watu, mjue pia kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita ndege hawa walikaribia kwisha nchi nzima, kwa kuwindwa kiholela na kukatwa misitu. Walijaribu kufuga na kuwaachia porini, wakafa, hawajui kuishi. Kilichofaulu ni kuwakamata wa porini kabisa na kuwahamisha, kwa nyavu zinazorushwa kwa vijimzinga vya baruti. Yaani bata mzinga aliokolewa na mzinga, na hili nililisoma nikaweka gazeti chini. Kentucky walihamisha hivyo hadi 1997. Pesa nyingi ya kazi hiyo inatokana na sheria ya 1937 inayotoza kodi bunduki na risasi, kwa hiyo kila pakiti ya marisau unayonunua umechangia. Chama cha kuwahifadhi ndege hawa kiliundwa rasmi 1973 na bado kipo.

Abuu Swabra:

Swali nje kidogo ya mada. Akipigwa na marisau mnamla vipi wale mlio Waislamu?

Mama Watatu:

Mimi nasema Bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kiko kiunoni. Nikimkuta bado ana uhai nachinja, na mara nyingi namkuta nao maana nakimbia. Akiwa ameshakufa, masheikh wana maneno yao kuhusu risasi, muulize wa msikiti wako, si mimi.

Mtoto wa Urambo:

Wakuu, mrejesho. Leo Jumanne, Mei.

Nililala hadi saa 12 kama binadamu. Saa 3 kasoro nafika, gari ni moja tu, na mwenyewe alikuwa anapakia vitu kuondoka. Suruali ndani ya soksi, Papa Furaha. Nikarudi kwenye gogo lilelile, ila nikakaa upande wa juu, mto chini, bega la kushoto likitazama bonde. Nikaita mara mbili, polepole. Nikachakura majani. Nikaweka kisanduku chini ya paja kabisa nisikifikie.

Dakika 40 hakuna kitu. Kigogota mmoja anagonga, chungu wanapanda kiatu. Nikaanza kuwaza kazi. Kisha nikaona majani yanasogea na hayakuwa upepo. Wakatokea watatu, kimya, shingo ndefu, madume machanga. Walikuwa kama vijana waliosikia kuna sherehe. Mmoja akajaribu kufungua mkia, manyoya ya katikati marefu, ya pembeni mafupi, bado hajakomaa. Ndevu, yaani zile nyuzi zinazoning'inia kifuani, urefu wa kidole gumba. Lakini zinaonekana, na sheria ya hapa inaruhusu mwenye ndevu zinazoonekana.

Nilisubiri apite nyuma ya mti ndipo nikainua. Hatua 28, nilizihesabu baadaye. Mikono ilinitetemeka hivi kwamba kuandika kumbukumbu kwenye karatasi ya leseni nilirudia mara mbili. Nikamripoti kwa simu kabla ya kumgusa kwa kisu, nikapewa namba.

Najua kuna watakaosema dume changa si kitu, ningengoja mkubwa. Waseme. Kilo 6 na ushee.

Kifua nilikata vipande vyembamba, kitunguu, nyanya, ndimu, kikaisha kabla sijakaa. Mke wangu hakuuliza tena nilikwenda kumwona nani, aliuliza kwa nini nilileta mmoja. Shida ni mapaja. Mishipa yake migumu kama waya wa baiskeli. Yako jikoni tangu saa 8 mchana, naandika haya saa 2 usiku, uma bado haupiti. Mama Watatu, wewe unayafanyaje?