Miaka 33, goti linasumbua: niangike daluga niingie ukocha au nisukume msimu mmoja?

Beki_Jericho:
Wadau, habari za jioni. Mimi ni beki wa kati kwenye Supa Ligi, daraja la pili hapa Kenya, na mwaka huu nimegonga 33. Goti la kushoto linajaa maji kila nikicheza mechi mbili ndani ya wiki. Klabu yangu (sitaitaja) imenipa nichague: nisaini msimu mmoja tena, na mishahara ndiyo hiyo ya kuchelewa, au niangike daluga niwe kocha msaidizi wa vijana wa chini ya miaka 17. Pesa ya ukocha ni kama nusu ya ile ya kucheza, ila wanasema watanilipia kozi ya CAF D, leseni ya kwanza ya ukocha ya shirikisho la soka Afrika.

Mke wangu anataka niache. Baba, ambaye amenifuata viwanjani tangu nikicheza na watoto wenzangu Camp Toyoyo, hataki hata kulisikia neno kustaafu. Mimi hofu yangu ni moja: nikishavua jezi halafu nipate kufundisha siwezi, nitarudi wapi? Mliopitia hapa, nishaurini.

KipaMstaafu:
Pole na goti, ndugu yangu. Nilidaka miaka mingi kabla ya kushika filimbi. Leseni utapata. Kinachowashinda wachezaji wengi ni kueleza. Wewe winga akikujia unageuza mwili nusu, unamfungia njia ya ndani, unamsukuma hadi kwenye mstari, wala hufikirii. Sasa kijana wa miaka 15 akuulize, "Kocha, kwani nikimkabili kifua kwa kifua kuna shida gani?" Makocha kibao hujibu "fanya vile nimekuambia", na mtoto anaenda nyumbani bure. Mwonyeshe: miguu ikiwa sambamba, mpira ukipita upande wowote lazima kwanza ageuke, na hapo winga ameshaenda. Kabla hujasaini chochote, omba jioni kadhaa na hao vijana, upewe mabeki wanne na koni. Utajijua.

Meneja_Wanjiku:
Hiyo "watanilipia kozi" imeandikwa mahali? Mimi ndiye hushughulikia makaratasi ya timu yetu ya mtaa na nimeona ahadi nyingi zikifia mdomoni. Mkataba useme kozi gani, lini, na nani analipa. La pili, wanakudai wewe au wewe ndiye unawadai? Kama kuna mishahara ya nyuma, deni liandikwe na litiwe sahihi kabla hujabadilisha kazi. Ukishaitwa kocha, madai ya mchezaji hakuna atakayeyakumbuka.

Mzee_wa_Kasarani:
Watu wanamwona Benni McCarthy kwenye benchi la Harambee Stars, timu yetu ya taifa, wanadhani jina ndilo lilimfikisha. Alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto 2004, na bado alianza kama msaidizi Sint-Truiden kule Ubelgiji. Akaenda Cape Town City na AmaZulu za Afrika Kusini, akawanoa washambuliaji wa Manchester United, ndipo akaja kwetu 2025. Kwenye CHAN iliyochezwa mwaka huo huo, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nyumbani, tukaipiga Morocco 1-0 Kasarani tukiwa watu kumi (sauti yangu ilirudi siku ya tatu). Kwa hivyo usaidizi wa vijana si kushushwa cheo.

Na leseni usizichezee. Ngazi ni D, C, B, A, halafu Pro, unapanda moja moja. Gor Mahia walimleta Mbrazili Roberto Oliveira 2020, CAF ikakataa akae benchi Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya vyeti. Kocha wa timu kubwa, anatazama kutoka jukwaani!

Namba_Tisa:
Mimi napinga. Cheza kaka! Ukocha utakungoja hata ukiwa na 45, miguu haingoji mtu. Nusu mshahara na kodi ya nyumba Nairobi?

KipaMstaafu:
@Namba_Tisa na hilo goti utamwazima lako?

Namba_Tisa:
😂 Haya, basi afanye yote mawili. Kozi ya D haimkatazi mtu kucheza. Asaini kama mchezaji, kozi iandikwe humo humo, na siku zisizo za mechi awe na hao vijana.

Meneja_Wanjiku:
Hapo umesema. Ila daktari kwanza. Na si daktari wa klabu pekee.

Beki_Jericho:
Asanteni sana, sikuwa nimefikiria kuomba yote mawili. Picha ya goti napiga Jumatatu, na barua ya madai naiandika leo usiku. Swali la mwisho: kozi yenyewe ni Kiingereza? Kusoma nasoma, kusimama mbele ya watu nikiongea ndio kibarua.

KipaMstaafu:
Yetu maandishi yalikuwa Kiingereza, uwanjani tulichanganya na mkufunzi hakuwa na neno. Niandikie kwa faragha, daftari zangu za D na C bado ninazo.