Naomba ushauri: niache mpira wa pete ili nijenge kazi yangu ya uhasibu?

BintiMasindi

Wanajukwaa, heshima zenu. Mimi ni karani wa hesabu katika SACCO (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Masindi, Uganda, na jioni ninacheza mpira wa pete katika timu ya mjini, ambako ninashika nafasi ya kati na wenzangu wamenichagua kuwa nahodha. Mwaka huu ninajiandaa kwa mitihani ya CPA, yaani ya uhasibu wa kitaaluma, inayosimamiwa na ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, na wakati huohuo kazini kumetangazwa nafasi ya msimamizi wa mikopo ambayo ninatamani kuiomba. Baba yangu, pamoja na mama mdogo anayenisaidia ada ya mitihani, wananihimiza niache mchezo, kwa kuwa wao wanauona kuwa jambo la wasichana wa sekondari, lisilomfaa mtu mzima anayetafuta cheo ofisini. Siwadharau hata kidogo, kwani wamenilea na wananitakia mema.

Mimi naona mchezo umenikuza, lakini nikiulizwa umenikuza vipi hasa, sipati la kusema zaidi ya nidhamu na ushirikiano, maneno ambayo kila mwombaji kazi huyaandika. Je, mchezo humjenga mtu kweli, au ni sisi wachezaji tunaojifariji? Na kama humjenga, nimweleze vipi mwajiri?

AfandeMstaafu

Mwanangu, nimetumikia polisi hadi kustaafu, na nitakujibu kutokana na niliyoyaona huko. Katika nchi yetu, vyombo vya usalama vimelea wanamichezo kwa miaka mingi. John Akii-Bua, aliyeiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Munich mwaka 1972, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich alikuwa askari magereza aliposhinda marathoni ya Olimpiki huko London mwaka 2012, na idara yake ikampandisha cheo. Joshua Cheptegei naye ni wa polisi. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo kona zake ni kali mno kwa mtu anayeruka viunzi, na bado akamaliza mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo.

Sikutajii hao ili ujipime kwa medali. Jambo ambalo maofisa wenzangu na mimi tulilitambua ni kwamba kijana aliyetoka kwenye timu hukubali kurekebishwa. Kocha amemwambia mara nyingi, mbele ya wenzake wote, kwamba amekosea hatua, naye amerudia bila kununa. Kijana wa namna hiyo ukimrudishia ripoti aliyoiandika vibaya, kesho inarudi ikiwa imenyooka, ilhali mwingine mwenye vyeti vizuri kuliko yeye atakaa wiki nzima akifikiri kwamba unamchukia. Kwa maoni yangu, sifa hiyo ndiyo inayompandisha mtu cheo kuliko nyingine zote, na ni vigumu sana kumfundisha mtu ambaye amekwisha kuwa mzima.

MkaguziKampala

Dada, hayo maneno mawili, nidhamu na ushirikiano, yaache kabisa kwenye barua yako ya maombi. Nimekaa mara nyingi upande wa wanaosaili, na yakisomwa hayamgusi mtu. Badala yake ueleze kazi ambayo mchezo wenyewe unakupa.

Fikiri kuhusu nafasi yako uwanjani. Sheria hairuhusu kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3 wala kutembea nao, na kwa hiyo mchezaji wa kati hulazimika kuwa ameamua atampa nani kabla mpira haujamfikia. Tena, yeye huruhusiwa kufika karibu uwanja mzima isipokuwa ndani ya nusuduara za kufungia, maana yake ni kwamba hata awe na shabaha ya namna gani, hatafunga. Kazi yake yote ni kuwafikishia mpira wafungaji wawili wakiwa mahali pazuri na kwa wakati unaofaa. Msimamizi wa mikopo yuko katika hali hiyohiyo, kwa sababu si yeye anayekwenda kijijini kufuatilia marejesho, bali maofisa wake, na akianza kuwapokonya kazi zao kwa kuwa anadhani anaziweza zaidi, kitengo chote husimama.

Hata hivyo nikuambie jambo ambalo wapenzi wa michezo hawapendi kulisikia: hayo hayahami yenyewe kutoka uwanjani kwenda ofisini. Nawafahamu wachezaji hodari ambao kwenye kikao hawafungui kinywa. Anayefaidika ni yule aliyebebeshwa jukumu ndani ya timu, kisha akatafuta kwa makusudi jukumu linalofanana nalo kazini. Kwa hiyo nakuuliza: kama nahodha, unafanya nini siku ambazo hakuna mechi? Nani hushika fedha za usafiri? Wachezaji wakigombana, nani huwaketisha?

MuuguziGulu

Ninakubaliana na waliotangulia, lakini kuna upande ambao hawajaugusa. Mchezo huu humlazimisha mtu asimame ghafla mara tu anapodaka mpira, na hapo ndipo kano za goti huchanika. Tunawapokea wodini. Mimi mwenyewe nilicheza hadi goti likagoma, nikahamia kwenye uamuzi, na nakuhakikishia kwamba kupuliza filimbi mbele ya makocha wawili wenye hasira kulinifundisha kusimamia neno langu kuliko miaka yote niliyocheza. Kwa hiyo usidhani kwamba kukua kupitia mchezo kuna mlango mmoja tu. Imarisha misuli ya mapaja, jifunze kutua kwa miguu miwili, na majuma ya karibu na mtihani mwachie msaidizi wako timu.

Kuhusu baba yako, usimjibu kwa mabishano. Mpelekee ratiba iliyoandikwa, ikionyesha saa za kusoma na jioni za mazoezi, na umwombe aikague baada ya muda mtakaokubaliana. Akisema ni mchezo wa watoto wa shule, mweleze kwa upole kwamba She Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira wa pete, walishika nafasi ya 5 katika Kombe la Dunia kule Cape Town mwaka 2023, na kwamba klabu kubwa za Kampala kama NIC, ya shirika la bima, na Prisons, ya magereza, zilianzia ndani ya taasisi, kwa watu wenye ajira.

BintiMasindi

Nawashukuru sana, Afande na ndugu zangu wote. Swali la Mkaguzi limenifanya nitafakari. Mimi ndiye ninayetunza daftari la michango ya usafiri na jezi, na kila mwisho wa mwezi ninawasomea wachezaji mapato na matumizi. Pia wafungaji wetu wawili walipoacha kusemezana, mimi na kocha tuliwaita kila mmoja peke yake, kisha pamoja, na sasa wanacheza. Sikuwahi kuyafikiria hayo kuwa sifa za kazi. Je, niyaandike kwenye barua ya maombi au niyaweke hadi siku ya usaili?

MkaguziKampala

La daftari liandike kwenye barua, kwa sentensi moja isiyo na mapambo: kwamba unatunza fedha za timu na kutoa taarifa kwa wachezaji kila mwezi. Kwa mtu anayeomba kusimamia mikopo ya wanachama, sentensi hiyo inatosha. La ugomvi liweke hadi uulizwe kuhusu kusimamia watu, kwa kuwa karibu kila jopo huuliza, na ulisimulie bila kuwataja wahusika. Mwombe pia kocha akubali kuwa mdhamini wako, na umwarifu mapema ili asishtuke akipigiwa simu.

AfandeMstaafu

Na daftari lenyewe uende nalo siku ya usaili, mwanangu. Wakiliomba, uwe nalo mkononi.