Mkutano wa majirani umegeuka soko, tuweke sheria gani?

Katibu_Kaptembwo: Habari za jioni wote. Niko Kaptembwo, Nakuru. Tuko na kikundi cha majirani 23, tunachangia maji, taa za njiani na matanga. Juzi nimechaguliwa katibu (hakuna mwingine aliyetaka, tusidanganyane). Pesa hazina shida. Shida ni midomo. Wenye ploti wanaongea saa nzima, wapangaji wameinamisha vichwa. Kuna mama aliuliza habari ya tanki, mzee mmoja akamjibu kwa lugha ya kwao, wenzake wakaangua kicheko. Sisi wengine hatukuambulia kitu. Tangu siku hiyo mama hajaonekana, mchango pia amesimamisha. Na uchaguzi wa 2027 ndio huo unakuja. Mnajua Nakuru tulipitia nini kwenye ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008. Nipeni sheria zinazofanya kazi, si za kubandika ukutani.

Nyuki_Manyatta: Pole dada. Chama chetu hapa Kisumu kilianza na faini, shilingi 50 ukimkatiza mwenzako. Mwezi wa pili jamaa akaingia, akaweka 200 mezani, "Hizi ni za leo," akatukatiza mara nne bila wasiwasi. Faini ikafia hapo. Siku hizi tunatumia mwiko, ule wa kusongea ugali. Aliyeushika anaongea dakika 3, akimaliza anampa ambaye hajasema kitu. Chekeni tu.

Mwalimu_Mstaafu: Sheria za mdomo hazishiki. Kama mmesajiliwa chini ya ile sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, mko na katiba. Ziingizeni humo, na mwenyekiti awe wa kwanza kubanwa nazo. Lugha za mama zipigwe marufuku mkutanoni.

Kukhu_Kakamega: Mwalimu, hapo hapana. Mama mkwe wangu akikasirika Kiswahili kinamkwama. Ukimnyima lugha yake umemziba mdomo. Kwetu ongea upendavyo, lakini hakuna kujibu mpaka mtu atafsiri kwa sauti, neno kwa neno. Tusi likijua litatafsiriwa hubaki kooni.

Mpangaji_Bondeni: Angalieni viti pia. Kwetu wenye ploti walikuwa na viti, sisi benchi la nyuma. Nani atabisha akiwa nyuma?

Katibu_Kaptembwo: Asanteni. Mwalimu, katiba nimeitoa kwenye faili leo. Kuhusu mazungumzo ina mstari mmoja: "Wanachama waheshimiane." Basi. Jumapili napeleka mwiko na tafsiri, na viti tupange duara. Lakini yule mama nimrudishe vipi?

Kukhu_Kakamega: Huyo si wa kurudishwa na sheria, mwanangu. Mzee aende kwake mwenyewe, usikubali kumbebea salamu. Halafu aombe msamaha mkutanoni, maana walimcheka mbele ya watu.

Katibu_Kaptembwo: Kukhu, huyo mzee ndiye mwenye ploti ninayoishi.

Nyuki_Manyatta: Ala! Na kodi umelipa?

Katibu_Kaptembwo: Nusu.

Mwalimu_Mstaafu: Basi mwachie mwenyekiti amwendee. Ndiyo kazi yake.