Tupeane uzoefu: harakati za wanawake zilikufikaje, na zilikubadilishia nini?

Shangazi wa Manzese (mleta mada)

Habari za jioni wapendwa. Jana kwenye daladala nimewasikia vijana wawili wanasema hawa wanaharakati wa wanawake kazi yao ni kukaa hotelini kula posho. Nikanyamaza maana nilikuwa nimepakata ndoo ya samaki, ila nikasema ngoja niwaulize wenzangu, kila mtu aje na lake alilolipitia sio la kusikia.

Naanza mimi. Nilikuwa nauza chai na maandazi Mabibo, siku moja nikapata oda ya vitafunwa ya pale TGNP, wale wa mtandao wa jinsia, wapo tangu 1993 na wana semina zao za Jumatano. Nikapeleka, nikakaa nyuma kabisa nisubiri vyombo vyangu. Mada ilikuwa bajeti. Nikasema hii sio yangu, bajeti mimi na wapi, kumbe wanaongelea maji! Kwamba ukiona mwanamke anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya ndoo, jua kuna hela mahali fulani kuna mtu kaamua isije kwenu. Vyombo nikavisahau. Jumatano iliyofuata nikaenda bila maandazi.

Mtaani kwetu kulikuwa na kioski kimoja cha maji, kila ndoo tunalipia, hesabu hatujawahi kusomewa hata siku moja. Tukaenda mkutano wa mtaa kina mama kama 30 hivi, mmoja akasimama kuuliza mapato akaambiwa mama kaa chini, hilo tutalijibu kwenye mengineyo. Hatukugombana. Ila kila mwenyekiti akitaja matumizi ambayo hakuna aliyeyaona kwa macho, tunapiga vigelegele. Tumezibua mtaro, vigelegele. Tumenunua koki mbili, vigelegele. Wanaume nao wakaanza kucheka, mwishowe akafunga daftari lake. Mkutano uliofuata hesabu ikasomwa, tena taratibu.

Haya karibuni, hata kama kikundi chenu kilikufa njoo useme kilikufaje.

Mjukuu wa Gerezani

Shangazi umenikumbusha marehemu bibi yangu, alikuwa mcheza lelemama, ile ngoma ya kina mama, hapa hapa mjini. Alikuwa anatusimulia kwamba 1955 alikuja mzungu wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza TANU wanawake wenu wako wapi? Wanaume wakabaki wanatazamana. Ndo ikaja habari ya Bibi Titi Mohamed, aliyekuja kuwaongoza wanawake wa TANU, ambaye alikuwa muimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Watu wanadhani yule mama alisimama tu jukwaani akaanza kuhutubia. Alianzia kwenye vikundi vya ngoma, maana ukimpata kiongozi wa lelemama umewapata na watu wake wote, na hao tayari wameshazoea kuchangishana, kushona sare, kuzikana na kufichiana siri. Chama gani kina mtaji kama huo?

Bibi alikata kadi akaificha kwenye pipa la mchele kwa sababu babu alikuwa hataki kusikia mwanamke na siasa. Babu akaja kuiona siku ya sikukuu wakati wa kupima mchele wa pilau. Akanuna siku nne, ya tano akaenda kukata ya kwake.

Kinachoniuma ni kwamba huyo huyo Bibi Titi alikamatwa 1969 kwa kesi ya uhaini akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka 1972 kwa msamaha wa Nyerere. Barabara yenye jina lake napita kila siku, shuleni hiyo habari sikuwahi kufundishwa.

Kibonge wa Tandika

Mnapamba sana. Wife tangu ajiunge kikoba Alhamisi nakula ubwabwa wa jana, hayo ndo mabadiliko yenyewe?

Shangazi wa Manzese

Mdogo wangu karibu. Hela ya kikoba cha mkeo umeshawahi kuila au hujawahi?

Kibonge wa Tandika

Nimekula shangazi 😂 bati zote za nyumba zimetoka huko. Naendelea kusoma.

Mama Wawili Mbagala

Mimi niliachika 2014 baada ya miaka 11 ya ndoa. Nyumba tuliijenga tukiwa wote, lakini mwenzangu alikuwa na kazi mimi niko nyumbani, kwa hiyo kwenye kikao cha familia akaniambia hujachangia hata bati moja, beba nguo zako. Mawifi wakaitikia. Hata mamaangu mzazi akaniambia mwanangu rudi tu, mali hutafutwa.

Kwenye kikundi chetu cha kuzikana kulikuwa na dada mmoja msaidizi wa kisheria, wale paralegali waliofundishwa na mashirika ya kina mama. Akanikalisha akanifungulia Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114, kinasema mahakama ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja. Nikamwambia lakini mimi sijachuma. Akacheka, akanipa kisa cha Bi Hawa Mohamed, mwanamke aliyefika mpaka Mahakama ya Rufani 1983, na majaji wakakubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango kwenye mali. Ila hakunificha: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mume alishampa shilingi 15,000 za kujengea nyumba yake akazitumia vingine, mahakama ikahesabu ndo fungu lake hilo. Nilimuonea huruma sana huyo mama nisiyemjua. Yeye alitoka mikono mitupu, sisi tunatembelea kesi yake.

Akaniambia sasa kaa chini uandike yote uliyofanya. Nikaandika. Nilipikia mafundi miezi minane, maji ya kumwagilia tofali nilichota mimi, na daftari la deni la duka lenye jina langu nilikuwa bado nalo. Tukaanza na baraza la usuluhishi kwenye kata, wakashindwa kutupatanisha, tukaenda mahakamani. Ilichukua karibu miaka mitatu na nauli sio mchezo, kuna siku nilitembea. Nikapata vyumba vya uani na eneo lake. Siku hizi nimepangisha viwili, kimoja nakaa na wanangu.

Mawifi wananisalimia vizuri tu.

Baba Zuu

Mimi ni mwanaume na nilikuwa kama hao vijana wa kwenye daladala. Mwaka 2016 kaka yangu yuko Pwani alitaka kumuoza binti yake wa miaka 15, na mimi kama baba mdogo nikatakiwa nichangie. Ndo wakati ule redioni wanaitangaza kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyeishtaki serikali, Mahakama Kuu imesema vifungu vya kumruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa tena. Bungeni baada ya hapo ikawa danadana.

Ila kwetu ile redio ilitosha. Nikampigia kaka nikamwambia sichangii na nikija nakuja na mjumbe. Hatukuongea mwaka mzima. Binti kamaliza kidato cha nne, sasa hivi anashona Kariakoo, hajaolewa na hana haraka.

Nasra T

Mleta mada umesema hata waliokufa. Sisi tulikuwa kumi, tunatengeneza batiki, tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ambayo nne ni ya wanawake. Katiba ya kikundi tukaandika, akaunti tukafungua, afisa maendeleo akaja kukagua masufuria na rangi. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Wakati tunasubiri, mweka hazina akahama na akiba yetu ya miezi saba. Mpaka leo nikiona batiki ya zambarau nageuka. Mikopo ilikuja kurudi 2024 ila nani aanze tena kuandika katiba.

Mwl Mstaafu Sinza

Wanangu, mimi nilikuwa BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, mwenyekiti wetu alikuwa Anna Tibaijuka. Kabla ya uchaguzi wa 1995 tulikuwa tunakaa kwenye majamvi tunafundishana kumpima mgombea kwa hoja, maji atafanyaje, ardhi atafanyaje, sio kwa kanga aliyogawa. Serikali ikasema tunafanya siasa, tukafungiwa. Tukaenda Mahakama Kuu 1997. Hukumu ikatoka 2009 kwamba kutufungia kulikuwa kinyume cha katiba. Nilipigiwa simu niko sokoni napima dagaa. Kesi tulishinda, baraza lilikuwa limeshatawanyika zamani, wengine tumeshawazika. Ukija kwangu kadi yangu nitakuonyesha, sikuificha kwenye mchele.

Kibonge wa Tandika

Shikamoo mwalimu. Shangazi hujamalizia, kile kioski kikoje siku hizi?

Shangazi wa Manzese

Kipo, na mita mpya. Hesabu inabandikwa kila mwisho wa mwezi. Ofisini karatasi ilichanwa mara mbili, kwa hiyo siku hizi tunaibandika kwenye ukuta wa mama ntilie, pale kila mtu lazima akae aisome akisubiri wali.