Nimemkabidhi Mungu maisha yangu, ila kuna jambo moja nimeshindwa kulisema. Naombeni ushauri

Fundi wa Uyole

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu, na kwa wasio Wakristo, habari za jioni. Naandika nikiwa kibandani kwangu. Kazi nimemaliza, lakini sijarudi nyumbani kwa sababu haya siwezi kuyaandika mke wangu akiwa pembeni.

Mimi ni fundi pikipiki, nina miaka 38, mke mmoja na watoto watatu. Kwa miaka sita kubeti kulinitawala. Siyo kujaribu bahati kama wengine wanavyosema, kulinitawala. Mteja akiniachia hela ya spea, naweka mkeka kwanza. Ada ya mtoto hivyo hivyo.

Katika miaka hiyo niliongozwa sala ya toba mara tatu. Mara ya kwanza kwenye mkutano wa injili, mara ya pili mkesha wa mwaka mpya, mara ya tatu mwinjilisti alinifuata mpaka nyumbani. Mara zote nililia kweli, sikuwa naigiza. Wiki mbili, wiki tatu, narudi kulekule.

Mwezi wa pili mwaka huu mteja aliniachia 30,000 ya kununua ringi na gasketi. Nikaibetia yote, ikaliwa. Asubuhi alikuja, nikamwambia duka la spea lilifungwa. Alinijibu, "Haya fundi, nakuamini." Usiku ule sikwenda nyumbani. Nilijifungia hapa hapa, nikakaa juu ya tairi kuukuu, mikono ina oili, nikataka kuomba. Ndugu zangu, yale maneno yote ya maombi niliyoyazoea hayakutoka hata moja. Nikasema tu, "Baba, mimi nimeshindwa. Kila kitu changu nakuachia, na mimi mwenyewe nakuachia." Nikanyamaza mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Kulipokucha nilimfuata yule mteja nikamwambia ukweli. Laini yangu ya simu nikampa mke wangu, mpaka leo wateja wananilipa kwa namba yake. Sijabeti tangu siku hiyo, ni mwezi wa nne huu. Jumamosi mchana mechi zinapoanza bado mwili unanidai, siwadanganyi, lakini naenda mazoezi ya kwaya na saa zinapita.

Sasa shida yangu. Mwaka jana mwezi wa kumi nilitoa hela kwenye kibubu cha mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, kile kibubu ni jasho lake. Kwa wiki tatu nilikuwa nachomoa noti moja moja kwa waya wa spoku uliopindwa ncha, mpaka zikafika 480,000. Alipokivunja akakuta haba, akamshika dada wa kazi. Binti wa Makete, miaka kumi na tisa. Alilia, akaapa, mke wangu hakumsikiliza, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kochi. Nilinyamaza. Binti akafukuzwa bila mshahara wa miezi miwili. Alibeba begi lake la shangazi kaja, alipofika getini akageuka, akaniangalia mimi, siyo mke wangu.

Kila nikisali Baba Yetu, nikifika "utusamehe makosa yetu" naliona lile begi.

Na sasa mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili ijayo, kanisa zima lisikie jinsi Mungu alivyonibadilisha. Naombeni ushauri. Nimwambie mke wangu, au nimtumie binti hela zake kimya kimya yaishe? Na ushuhuda niutoe?

Kijana wa Tunduma

Pole sana kaka. Mimi naona unajitesa bure. Andiko linasema ukiwa ndani ya Kristo umekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Mungu ameshasahau, wewe unafukua. Mke ukimwambia hili atakuona mwizi maisha yake yote, na ndoa inaweza kuvunjika, watoto wakateseka. Mtafutie binti hela ya mshahara wake, mtumie, endelea mbele. Ushuhuda toa, kuna mtu atapona kwa huo.

Fundi wa Uyole

Asante mdogo wangu. Nisikufiche, haya ndiyo niliyotamani kuambiwa. Wiki iliyopita nilifika mpaka kwa wakala na laki moja mkononi, namba ya mama yake ninayo. Nikakumbuka lazima watauliza hela imetoka kwa nani, na jina langu litajulikana. Nikarudi nayo.

Mama wa Kwaya

Mwanangu, hiyo hela uliyorudi nayo ndiyo jibu. Kama ingekuwa imekwisha mbele za Mungu, usingeogopa jina lako kuonekana.

Na huyu kijana nimsahihishe kwa upendo. Ya kale yamepita kwako wewe. Kwa yule binti hayajapita, yeye mpaka leo ni mwizi kijijini kwao. Someni habari za Zakayo, Luka 19. Yesu alipoingia nyumbani kwake hakumdai kitu. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akasema kama amemnyang'anya mtu kwa hila atamrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile.

Dada wa Njombe

Sikutaka kuandika lakini nimeshindwa kupita.

Nilikuwa dada wa kazi Dar nikiwa na miaka kumi na saba. Mama mwenye nyumba alipoteza hereni za dhahabu. Nilivuliwa nguo zote nikapekuliwa mbele ya shemeji yake. Nikarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata nilisikia kwa jirani yao kwamba hereni zilipatikana nyuma ya kabati walipokuwa wanahama. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna.

Kaka, nikwambie kitu ambacho huwezi kukijua. Habari ilinitangulia. Nilishuka kwenye basi, shangazi yangu akanipokea, akahamisha pochi yake kutoka kitandani akaiweka juu ya kabati. Hakusema neno. Ule mkono ulioinua pochi ninao machoni mpaka leo, na nina miaka thelathini na moja.

Kwa hiyo hela ni jambo la pili. Mkeo mrudishie zake, na binti mlipe mshahara wake wa miezi miwili, ni haki yake. Lakini mimi nilichokuwa nakisubiri miaka yote ni mtu mmoja tu afike kwa baba yangu, akae kwenye kigoda, aseme, "Binti yako hakuiba." Baba amefariki hajalisikia hilo.

Nenda. Usitume mtu, usipige simu. Sema mbele ya wale wale walioambiwa ni mwizi. Na naomba sana, ukifika pale usianze na habari za jinsi Mungu alivyokusamehe. Anza na yeye. Akikataa kukusamehe siku hiyo, usimlazimishe kwa mistari, shukuru uondoke.

Abu Salim

Mimi ni Muislamu, nimesoma kwa heshima. Hata kwetu toba ya jambo baina yako na Mola ina sharti zake, kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Likiingia jambo la haki ya mja linaongezeka sharti la kumrudishia mwenyewe haki yake au akuhalalishie. Allah akufanyie wepesi ndugu yangu.

Mkatoliki wa Moshi

Nakubaliana na Abu Salim. Sisi kwenye kitubio, ukiungama umeiba, padri atakuambia urudishe. Na ukimsingizia mtu, au ukanyamaza akasingiziwa, unadaiwa pia kumrudishia jina lake. Hilo la jina ni gumu kuliko la mali, ndiyo maana watu wengi wanaishia kwenye mali.

Mzee wa Karagwe

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimelelewa na bibi aliyeokoka katika uamsho ule ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu Buhaya na Karagwe. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Chanzo chake kinahusishwa na watu wawili waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakaomba na kusoma Neno pamoja, daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, ambaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri.

Nayasema haya kwa sababu wakati ule mtu akitangaza ameokoka, majirani walikaa kusubiri waone anarudisha nini. Bibi yangu alikuwa na sufuria ya jirani aliyoiazima akaifanya yake, miaka mingi imepita. Aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaiweka kichwani, akapita nayo njia kuu mchana, siyo usiku. Jirani alimtukana. Bibi akaiweka chini mlangoni, akapiga magoti, akarudi. Alikuwa akitusimulia hivyo hivyo, bila kuongeza kwamba jirani alimsamehe, maana ilichukua muda.

Waliuita mwenendo huo kutembea nuruni. Lakini kulikuwa na makosa pia, na bibi alikuwa muwazi kwa hilo. Wapo waliosimama mbele ya mkutano wakakiri mambo ambayo mwenzi wao wa ndoa hajawahi kuyasikia, akayasikilizia pale pale benchini pamoja na watu wote. Hiyo siyo nuru, ni kumvua mtu mwingine nguo. Kwa hiyo mwanangu, toba iende mpaka pale dhambi ilipofika. Ya kwako ilifika kwa mkeo, kwa yule binti na kwa wazazi wake. Madhabahuni haijafika. Mwambie mchungaji Jumapili hii hapana, na kama ni mchungaji kweli ataelewa. Yesu mwenyewe, Mathayo 5, amesema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka pale pale mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Ushuhuda nao ni sadaka.

Jirani wa Kangemi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa mlevi, sasa ni mwaka wa tisa sijaonja. Nilisaidika kupitia Alcoholics Anonymous, kile chama kilichoanza Marekani mwaka 1935. Wana hatua kumi na mbili. Ya tatu ni hiyo uliyoifanya juu ya tairi, kuamua kumwachia Mungu nia yako na maisha yako. Wengi wetu tulidhani tumemaliza hapo. Kuna ya nane, kuandika majina ya wote uliowaumiza, na ya tisa, kwenda kurekebisha, ila pale ambapo kwenda kwako kungewaumiza zaidi.

Mara zile tatu ulizorudi nyuma, sidhani ni kwamba Mungu hakusikia. Mimi nilikuwa nikimpa Mungu pombe na kubaki na siri, na siri ndiyo iliyonirudisha kwa pombe kila mara. Nakuogopea hiyo hiyo.

Kwa mke, chagua mchana, watoto wasiwepo, na uyaseme yote kwa mkupuo mmoja. Ukisema laki mbili leo na kesho ukaongeza, hatakuamini tena hata ukimwambia mvua inanyesha. Usijitetee kwa kubeti. Kisha mpe nafasi akasirike.

Kijana wa Tunduma

Nimesoma ya Dada wa Njombe mara mbili. Kaka Fundi, naufuta ushauri wangu. Nilikuwa nafikiria ndoa yako, yule binti sikumfikiria kabisa. Nisameheni.

Fundi wa Uyole

Ndugu zangu, nimerudi. Leo ni siku ya tano tangu niandike.

Mchungaji nilimweleza Jumatano. Alikaa kimya, kisha akaniambia ushuhuda utasubiri, akaniombea, akaniuliza nauli ninayo.

Mke wangu nilimwambia jana saa tano asubuhi, watoto wakiwa shule. Alikuwa anashona sare. Nilimwomba asimamishe cherehani, akasema sema tu nakusikia. Nikasema yote, ya waya wa spoku, ya wiki tatu, ya kochi. Mguu wake uliacha kukanyaga, lakini hakuinua kichwa. Alichukua mkasi akaanza kufumua mshono alioumaliza muda huo huo, uzi mmoja mmoja, mpaka ukaisha wote. Halafu akaniambia niondoke. Sikubishana. Nililala hapa kibandani.

Leo alfajiri saa kumi na moja amegonga mlango. Amekuja na chai kwenye chupa, hakuniamkia. Akasimama pale pale akaniuliza, "Umeshakata tiketi ya Makete?" Nikamjibu bado, nakusanya hela kwanza, nimeshamkopa fundi mwenzangu laki mbili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kata mbili. Mdomo uliomwita mwizi ni wangu."

Hajanisamehe, na sijamwomba anisamehe leo. Tumempigia mama wa binti kwa simu ya mke wangu, na mke wangu ndiye aliyeongea. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama tutakuja kusema hayo mbele ya mjomba wake, maana mjomba ndiye aliyemkataza binti kukanyaga kwake. Mke wangu akasema ndiyo. Binti mwenyewe hakutaka simu.

Tunaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nina mshahara wa binti wa miezi miwili, na mke wangu ameweka kitenge ambacho hakusema ni cha nani. Tuombeeni. Dada wa Njombe, wewe hasa, nakuomba utuombee.

Dada wa Njombe

Nawaombea. Makete asubuhi ni baridi kali, bebeni masweta.