Skripti ya kusoma anwani za MAC inaleta kadi za mtandao zisizokuwepo

Swali

Habari zenu. Ninaandaa orodha ya kompyuta zetu, zote zikiwa za Windows, na nimeandika skripti fupi ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) inayosoma Win32_NetworkAdapter, yaani orodha ya Windows ya adapta za mtandao, ili inipe jina la kila kadi ya mtandao pamoja na anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kadi hiyo kwenye mtandao. Kompyuta yenye kadi mbili tu, ya waya na ya Wi-Fi, inaniletea mistari zaidi ya kumi, mingine ikiwa haina anwani kabisa. Nichujeje ili zibaki kadi halisi?

Jibu la 1

Ndugu, Win32_NetworkAdapter hutaja kila adapta ambayo Windows inaifahamu, zikiwemo adapta pepe, yaani za programu tu zisizo na kifaa halisi, kama za VPN, za mashine pepe na zile zinazoitwa WAN Miniport. Tumia amri hii, iliyopo tangu Windows 8:

`Get-NetAdapter -Physical | Select-Object Name, MacAddress, InterfaceGuid`

Ukilazimika kubaki na njia yako ya awali, angalia PNPDeviceID, yaani kitambulisho ambacho Windows hukipa kila kifaa. Kadi halisi kwa kawaida huanza na PCI au USB, ilhali adapta pepe nyingi huanza na ROOT.

Jibu la 2

Amri hiyo ni sahihi, lakini ninakusihi usiifanye anwani ya MAC kuwa kitambulisho pekee cha kompyuta. Anwani hiyo ina biti 48, na nusu ya kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji aliyesajiliwa na IEEE, shirika la viwango vya kielektroniki. Hata hivyo, Windows inaweza kubuni anwani ya nasibu kwa ajili ya Wi-Fi, na hapo utaona tarakimu ya pili ya anwani (huandikwa kwa 0 hadi 9 na A hadi F) ni 2, 6, A au E. Ongeza PermanentAddress kwenye amri hiyo, inayoonyesha anwani ya kiwandani. Adapta za USB nazo huhama kutoka mashine moja hadi nyingine, hivyo anwani ileile inaweza kujitokeza kwenye kompyuta mbili. Mimi huambatanisha kila kadi na SerialNumber ya Win32_BIOS, yaani namba ya utambulisho ya kompyuta yenyewe.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, orodha sasa ina kadi mbili kama inavyotakiwa. Ila nikilinganisha na orodha ya zamani, hakuna anwani hata moja inayooana.

Jibu la 1

Get-NetAdapter hutenganisha tarakimu kwa vistari, Win32_NetworkAdapter kwa nukta mbili. Ondoa alama hizo pande zote kwa `-replace '[:-]',''` kabla ya kulinganisha.